Goti Ambalo Kamera Haikuliona

Thika, Jumamosi, baada ya adhuhuri

Saumu mwanangu,

Salaam aleikum. Umetoka sasa hivi kwenda Kiganjo kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi yako, hatakuachilia kabla hujala mara mbili na kusikiliza habari zote za presha yake. Kwa hiyo nina kama saa tatu. Nimefunga mlango, nimeketi kwenye meza ya cherehani, na nimechukua daftari lako la hesabu lililobaki na karatasi safi kwa nyuma. Usinigombeze.

Sitakuandikia habari ya kuanika shuka wala ya kula vizuri. Blanketi liko kwenye begi la bluu, mengine utajua mwenyewe. Huko Nakuru unakokwenda utasomea kutengeneza na kuendesha zile kamera na skrini za kufundishia mafundi walio mbali, na kila mtu ameshakupongeza. Kila anayekupongeza ananigeukia mimi na kusema umemfuata mama, kwa sababu mimi ndiye niliyefundisha kwa mashine za namna hiyo kabla hazijasikika mtaani kwetu. Majirani bado wananiita mwalimu wa televisheni. Nami hucheka na kunyamaza. Lakini kuna jambo la siku zile ambalo nilikunyamazisha nalo, ukiwa na miaka kumi na mitano, na ulikuwa umesema kweli. Sitaki uondoke hapa hujalijua. Yuko mtu mwingine lililomuumiza kuliko wewe, na kesho utakutana naye, kwa hiyo hata nikitaka kuahirisha siwezi tena.

Nianzie mbali kidogo, univumilie.

Nilipoingia kiwanda cha nyuzi nilikuwa nimekuzidi wewe wa sasa kwa mwaka mmoja tu. Nilikuwa nakaa Kiandutu, wasichana watatu chumba kimoja, na tulikwenda kazini kwa miguu ili nauli ibaki ya sabuni. Waliniweka kwenye mashine ya kusokota. Uliiona ile fupi ya mafunzo, lakini zenyewe hasa ni fremu ndefu kama ukuta wa darasa, zimejaa bobini zinazozunguka kwa kasi mpaka macho yanadhani zimesimama. Pamba inashuka kutoka kwenye rola za juu ikiwa nyembamba, haina nguvu yoyote, inasokotwa na kuwa uzi, kisha uzi unajizungushia kwenye bobini. Kila baada ya muda uzi mmoja hukatika. Kazi yako ni kutembea mbele ya fremu, kuuona uliokatika na kuuunga. Unaisimamisha ile bobini moja kwa kusukuma breki kwa goti, unatafuta ncha ya uzi, unaipitisha kwenye kipete chake, unaipandisha hadi pale pamba inapotokea, unaigusisha, unaachia breki. Uzi unashika. Ukiwa mzuri, mtu akipepesa macho mara mbili umeshahamia kwingine.

Aliyenifundisha ni mama mmoja aliyeitwa Nyakio. Ukumbini kelele ilikuwa kubwa hata mtu akikuita sikioni humsikii, kwa hiyo sote tulizungumza kwa ishara. Kidole kwenye kifundo cha mkono maana yake saa ya chai imefika. Kushika kola maana yake msimamizi anakuja, nyoosheni migongo. Nyakio hakuniambia neno hata moja kuhusu kazi. Alisimama nyuma yangu, akaweka mikono yake juu ya mikono yangu, mwili wake wote umenigandama, na tukaunga uzi hivyo kwa siku tisa. Siku ya kumi aliondoa mikono na mimi sikujua ameiondoa saa ngapi. Kila mtu pale alifundishwa hivyo, na mimi nikaja kuwafundisha wengine hivyo hivyo kwa miaka mingi. Nilidhani kazi yote iko kwenye vidole, kwa sababu vidole ndivyo nilivyokuwa naviangalia.

Mwaka wa tisini na sita wenye kiwanda walifungua tawi dogo Ruiru na kuwachukua wanawake watano wapya. Mimi sikuweza kuhamishwa, fremu za Thika zilinihitaji kila siku. Ndipo akaja Injinia Otieno na masanduku yake. Unamkumbuka, kijana mpole, shati limechomekwa upande mmoja tu siku zote. Alikuwa na jaribio lake la chuo: alitaka kujua kama fundi anaweza kufundisha kazi ya mikono bila kumgusa mwanafunzi.

Nilimcheka mbele ya watu. Nilimwambia, "Injinia, uzi haujui televisheni."

"Tutaujulisha, mama," akasema, akaendelea kufungua masanduku.

Ngoja nikueleze vile vyombo, maana utakavyofundishwa wewe bila shaka vitakuwa vyepesi zaidi na hutaamini. Mimi nilifungwa utepe wa ngozi kichwani, kamera ndogo imekaa kwenye paji la uso, kipaza sauti karibu na mdomo. Walinipa chumba kando ya stoo na ile fremu fupi ya bobini kumi na mbili. Kule Ruiru mwanafunzi alivaa kofia nzito yenye skrini mbili ndogo mbele ya macho, imemfunika uso kama mchomeleaji. Alichokiona ni kile nilichokuwa nakiona mimi. Mikono yangu ilimtokea pale pale ambapo mikono yake ingekuwa. Akishatazama, aliinua zile skrini juu, na kamera ya kofia yake ikanionyesha mikono yake kwenye televisheni iliyokuwa ubavuni pangu. Picha zilisafiri kwa mlingoti waliousimamisha juu ya paa, na zilichelewa kama pumzi moja.

Siku ya kwanza ilikuwa vituko. Mwanafunzi wa kwanza kuvaa kofia alikuwa Wambui, mwanamke wa Gatongora mwenye mtoto mmoja wa kike, na mdomo haukauki.

"Sasa, mwalimu!" akasema. "Mimi naona mikono yako lakini wewe sikuoni. Kwani uko na uso kweli?"

Nikacheka, nikapiga chafya. Ruiru yote ikatikisika. Wambui alishika ukuta akapiga ukelele, "Ngai! Nimeanguka na nimesimama!" Nilipogeuka kumsalimu mama wa chai, wenzake wakaniambia Wambui amepata kizunguzungu ameketi chini. Na nilipoinama kunywa chai yangu aliona kikombe na nusu mandazi vinamjia usoni, akaomba agawiwe. Nilirudi nyumbani jioni ile nikiwa mtu mwingine. Unakumbuka nilivyokusumbua? Nilikuwa nauliza maswali mfululizo. Mikono yangu imekwendaje Ruiru na mimi niko Thika? Na kama imefika, kwa nini wao hawawezi kuunga?

Maana hawakuweza. Waliona kila kitu na hawakuweza chochote. Nilikuwa nasema, "Gusisha kidogo," na wao wananiuliza kidogo ni kiasi gani. Nikisema, "Vuta mpaka uwe sawa," wananyamaza. Nikagundua sina maneno. Miaka yote ile maneno yangu yalikuwa mikono yangu juu ya mikono ya mtu, na sasa mtu yuko Ruiru.

Ndipo nilipoanza majaribio ya hapa nyumbani. Nilimketisha baba yako jikoni na unga, nikajifungia chumbani, nikamfundisha kukanda chapati kwa kupiga kelele ukutani. Zile chapati zilikuwa ngumu, baba yako alisema tuzipeleke kwa fundi viatu. Lakini nilijifunza kitu. Nilipomwambia unga uwe laini hakujua, na nilipomwambia ashike ncha ya sikio lake kisha ashike unga, alijua papo hapo. Kesho yake nikawaambia wale wanawake, "Shikeni uzi kama mnavyoshika ukope ulioanguka kwenye shavu la mtoto aliyelala." Saumu, wawili waliunga siku ile ile. Nilipiga makofi peke yangu katika kile chumba.

Sijawahi kuifurahia kazi kama miezi ile. Nilikuwa naamka na mambo ya kujaribu. Nilijifunza kunyamaza pumzi moja kabla ya kumsahihisha mtu, kwa sababu nilichokiona kilikuwa kimeshapita na yeye huenda ameshajisahihisha. Nilijifunza kuwauliza vidole vyao vinasikia nini, swali ambalo Nyakio hakuniuliza wala mimi sikumuuliza mtu. Wanne kati ya watano wakawa wanaunga, mmoja vizuri, watatu kwa kubahatisha. Aliyebaki ni Wambui.

Wambui alifanya kila nilichomwambia. Vidole vyake vilikuwa vizuri, pengine kushinda vya wote. Uzi wake uligusa mahali pake, ukashika, halafu ukakatika. Kila mara.

"Mwalimu, hii uzi inanichukia," alikuwa akisema. "Inashika, inanidanganya, inaenda."

Na mimi sikujua kwa nini. Nakuapia, mpaka hapo sikujua.

Sasa ndiyo inakuja siku yenyewe. Ilikuwa likizo ya Agosti, nawe ulikuwa unakuja nami kazini kwa sababu nyumbani ulikuwa unamaliza sukari. Asubuhi ile Injinia Otieno alikuja amefurahi sana. Aliniambia wiki zile wataanza kunasa mafunzo yangu kwenye mikanda ya video, na akasema, akidhani ananipa sifa, "Mama, baada ya hapa hata ukiwa umelala, mikono yako itakuwa inafundisha." Akaondoka anapiga mluzi. Ulikuwa mwaka ambao kiwanda kilikuwa kimeshapunguza watu mara mbili, nguo za mitumba zimejaa kila soko na nyuzi zetu hazinunuliwi. Nilikuwa na karo yako, na baba yako alikuwa anapata kazi leo, kesho hapati. Nikasikia maneno mengine kabisa katika yale maneno. Nilisikia kwamba mikono yangu itabaki na mimi nitakwenda.

Saa moja baadaye nilikuwa nafanya mbele ya kamera, Wambui amevaa kofia kule Ruiru, nawe umeketi kwenye kreti ya soda na vitabu vyako. Kreti ni fupi. Macho yako yalikuwa usawa wa breki. Ukasema, "Mama, mbona goti lako haliachi mara moja? Linatoka kidogo, linarudi, halafu ndiyo linaachia."

Nilishusha macho tu, kichwa nimekiacha pale pale. Nilikuwa sijawahi kulitazama goti langu likifanya kazi tangu nizaliwe. Na papo hapo nikaelewa yote: Nyakio alipokuwa amenigandama kwa nyuma, goti lake lilikuwa linasukuma goti langu. Hakunifundisha kwa mikono tu. Bobini inaanza kuzunguka polepole kwanza, uzi unapata nguvu, ndipo unaiacha iende. Wambui alikuwa anaachia breki ghafla kwa sababu nilimwambia "achia". Kamera ilikuwa kwenye paji la uso wangu na macho yangu yalikuwa kwenye vidole, kwa hiyo goti halikuwahi kuonekana Ruiru hata siku moja.

Nilifunika kipaza sauti kwa kiganja. Nakumbuka jasho la kiganja changu kwenye ile sifongo ya kipaza sauti. Nikakuambia, "Hujaona kitu. Shika vitabu vyako, haya si mambo yako." Uliponitazama, niliongeza kwa ukali, "Kila siku unaona vitu visivyokuwepo." Halafu nikaondoa kiganja nikamwambia Wambui tuendelee.

Nimejaribu kujiambia kwamba sikuwa na hakika. Hapana. Ulipotumwa mkate saa nne, nilizima kamera nikajaribu kuachia breki ghafla kama wao. Uzi ulikatika mara tano mfululizo. Nikajaribu kwa namna yangu, ukashika mara tano. Nilikuwa na hakika kama ninavyojua jina lako. Nikaamua kwamba hicho kitabaki changu. Mikanda yao itabeba vidole, na goti litabaki na Zubeda, na siku nyuzi zikianza kukatika Ruiru wataniita. Ndivyo nilivyowaza. Sikuwa na chuki na mtu. Nilikuwa na woga tu, na ule woga ulijua kupiga hesabu.

Baada ya wiki mbili wakafanyiwa mtihani. Wale wanne walipita, mmoja kwa jasho. Zamu ya Wambui mimi nilikuwa mbele ya televisheni Thika, namtazama kupitia kofia yake mwenyewe. Uzi wa kwanza ukakatika. Wa pili ukakatika. Ningeweza kusema neno moja, kipaza sauti kilikuwa wazi. Alipofika wa sita msimamizi wa kule akamwambia basi, inatosha. Wambui aliinamisha kichwa, na kwa sababu kamera ilikuwa kichwani mwake, mimi nikaona alichokiona. Alikuwa anatazama mikono yake. Akaigeuza viganja juu. Akaigeuza tena. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka mtu akaja kumvua kofia na picha ikawa ya dari.

Jioni uliniuliza kama mtihani umekwenda vizuri, nikakuambia mmoja hakuwa na mikono ya kazi ile. Nililitamka hilo kwa mdomo wangu huu.

Hiyo kazi niliyoilinda ilidumu mwaka mmoja na kidogo. Jaribio la Injinia liliisha, masanduku yakafungwa, mikanda sijui ilikwenda wapi, na kiwanda kilipopunguza watu mara ya tatu jina langu lilikuwemo. Hakuna aliyeniita kutoka Ruiru kuuliza habari za goti. Wale wanne waliligundua wenyewe polepole bila kujua wamegundua nini. Sasa nashona vitambaa vya makochi, nawe unajua hilo, umeshanisaidia kuvikata.

Lakini nilichokitazama zaidi tangu siku ile ni wewe. Ulikuwa mtoto wa kuona. Ukiwa na miaka sita ulituambia jirani ana mimba kabla mumewe hajajua, tukaona aibu ya mwaka. Baada ya Agosti ile ukaanza kuona na kumeza. Mwezi uliopita redio ilipoharibika baba yako aliifungua akahangaika nayo siku mbili, na alipokuuliza ndipo ulipomwonyesha ule waya uliochomoka. Ulikuwa umeuona tangu siku ya kwanza. Nilikuuliza kwa nini hukusema, ukajibu, "Nilidhani labda naona vibaya." Nilikwenda nje nikajifanya naanua nguo. Nguo zilikuwa bado mbichi.

Siku ile ile nikaamua kumtafuta Wambui. Nilianza kwa kumuuliza mmoja wa wale wanne, naye akanielekeza. Jumanne iliyopita, nilipowaambia nakwenda Ruiru kununua sponji, nilikwenda Gatongora. Ana kioski cha maziwa na mafuta taa kando ya barabara ya ndani. Hakunijua. Angenijuaje? Aliwahi kuona mikono yangu tu. Niliiweka juu ya kaunta yake, akaitazama, kisha akanitazama usoni.

"Mwalimu," akasema. "Kumbe uko na uso."

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, sikutaka kuketi kabla hajajua. Nilimwambia habari za goti, na kwamba nilijua wiki mbili kabla ya mtihani, na kwamba mtoto wangu ndiye aliyeliona nami nikamnyamazisha nikiwa nimefunika kipaza sauti. Katikati ya maneno yangu akaja mtu wa nusu lita ya maziwa, akampimia, akamrudishia chenji, akaniambia, "Endelea." Nilipomaliza alipangusa kaunta ambayo ilikuwa safi.

"Kwa hivyo haikuwa mikono?" akauliza.

"Haikuwa mikono. Mikono yako ilikuwa mizuri kuliko ya wote."

"Miaka tatu," akasema. "Miaka tatu mimi naambia watu mikono yangu ni mbaya. Msichana wangu akitaka kusukwa nywele namwambia aende kwa jirani. Nikipewa mtoto mdogo nimshike nakataa. Na ni goti."

Nilimwomba msamaha kwa maneno, na maneno yalikuwa madogo mno pale kwenye kaunta. Hakusema amenisamehe. Sijui kama atanisamehe na sikumuuliza. Aliniambia tu kwamba lile tawi la Ruiru linachukua watu tena Jumatatu hii, na mtihani ni ule ule wa kuunga, na alikuwa ameshaapa hatakwenda hata kupita karibu na lile geti. Nikaona nafasi yangu, nikamwambia nitakuja nimwonyeshe mwenyewe, kwa mkono, kama nilivyofundishwa na Nyakio.

"Wewe?" akasema. Hakupandisha sauti. "Hapana, mama. Wewe ulishanifundisha."

Hayo maneno ninayo mpaka sasa, na nadhani nitakaa nayo.

Nakuandikia haya si ili ulie, na si ili unionee huruma. Huko unakokwenda watakufundisha mlingoti, waya na skrini, na utavijua kunishinda mara mia. Nilicho nacho mimi ni hiki kidogo. Ukimfungia fundi kamera kichwani, mwombe kwanza afanye kazi yake huku wewe umeketi chini sakafuni, kisha uende nyuma yake, kisha ubavuni. Yeye mwenyewe hajui anafanya nini, kama mimi nilivyokuwa sijui. Na ukiona fundi aliyekuwa anaongea sana ameanza kunyamaza, usidhani amechoka. Muulize anaogopa nini. Injinia Otieno alikuwa mtu mwema na hakuniuliza, nami sikumwambia, na aliyelipa alikuwa mtu wa tatu aliyekuwa amefunikwa macho kwa kofia, anatuamini sote wawili. Simlaumu yeye. Kiganja kilichofunika kipaza sauti kilikuwa changu.

Bado najiuliza maswali yale yale ya siku ya kwanza, na ninafurahi kwamba wewe ndiye utakayekwenda kuyatafutia majibu. Ujuzi wa mtu unakaa wapi hasa? Goti langu lilikuwa na habari ambazo kichwa changu hakikuwa nazo. Leo asubuhi nilikuwa nasukuma cherehani nikajitazama miguu, nikaona kisigino cha kushoto kinainuka kila nikifika kwenye kona ya kitambaa. Sijui kinafanya nini. Ukija likizo, kaa chini unitazame, halafu uniambie, na safari hii nitakusikiliza.

Nasikia watoto wa jirani wametoka madrasa, kwa hiyo na wewe hauko mbali. Nimalizie lililobaki.

Nilipokuwa naondoka pale kioskini Wambui aliniita. Nilikuwa nimeshafika barabarani. Akauliza, "Huyo msichana wako, yeye aliona kabisa? Kwa macho yake?"

"Aliona," nikamwambia. "Alieleza vizuri kuliko ninavyoweza mimi."

Akafikiri. "Niko na baiskeli ya mzee," akasema. "Naigeuza juu chini, gurudumu inazunguka, mtu anaweza kuishika na goti. Yeye aje anionyeshe. Yeye, si wewe."

Kesho baba yako ataendesha ile pick-up aliyoazima, na kabla ya kushika njia ya Nairobi tutaingia Gatongora. Wambui atakuwa amefunga kioski na atakungoja uani na baiskeli yake. Mna saa nzima. Anza popote unapotaka, mweleze ulivyoliona siku ile, na asipoelewa weka goti lako juu ya goti lake. Atakuuliza maswali mengi, ndivyo alivyokuwa zamani kabla yangu.

Ameomba mimi nisishuke, nami nimekubali. Nitakaa ndani ya gari na baba yako, kioo kimefungwa, nitawaona na sitawasikia. Usiharakishe kwa ajili yangu.

Mama yako,
Zubeda